Bangili Iliyopita Kirahisi

Claudia aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri, akamwachia dereva noti yake na wala hakungoja chenji. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja. Upande wa pili ulisimama timtim kama ulivyoamka. Juu ya gauni la kushindia alikuwa amejifunga kitenge cha bibi yake. Watu wa Ngara wana macho, jamani, na mama mmoja aliyekuwa akianika maharage aliacha kazi kabisa ili amtazame. Msichana anayeposwa leo saa tisa alasiri hatoki kwao Kibimba asubuhi kichwa nusu, akapanda kilima mbiombio kwenda kwa mchumba. Labda awe amerogwa, au awe ameumizwa.

Claudia alikuwa ameumizwa. Mkononi alishika bangili ya shaba, ameikazia vidole kama mtu aliyekamata mwizi.

Kwa akina Frednand mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama Priscila, mama yake Frednand, alikuwa barazani anafunika mtungi wa urwagwa kwa majani ya mgomba. Ndiyo pombe ya ndizi iliyokuwa ipelekwe kwa akina Claudia alasiri hiyo kuomba mlango, kama ilivyo desturi ya kuposa. Alipoinua macho akamwona mkwe mtarajiwa, aliliweka jani chini.

"Shikamoo, mama," Claudia alisema. Hasira ni hasira, lakini alikuwa amelelewa.

Mama Priscila hakuitikia marahaba. "Makubwa! Leo hii? Huko kwenu hakuna hata mtu wa kukuambia kwamba msichana hamfuati mwanamume siku ya posa?"

"Nina shida na Frednand, mama."

"Shida gani isiyoweza kungoja saa tisa? Au ndiyo desturi zenu za huko mlikotoka?"

Huko mlikotoka! Claudia alizaliwa Ngara, akabatizwa Ngara, akasoma Ngara mpaka kidato cha nne. Lakini kwa Mama Priscila yeye alikuwa bado mtoto wa watu waliovuka mpaka na mizigo kichwani. Siku nyingine angelimeza neno lile akanyamaza. Leo hakulimeza.

"Desturi zetu ndizo zilizonileta, mama. Yuko karakana?"

Hakungoja jibu. Alizunguka nyumba akaenda zake nyuma, na Mama Priscila akabaki anapiga makofi ya mshangao peke yake.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati, lina meza moja ndefu, jiliwa la kubania vyuma, na mashine ya kukereza ambayo Frednand aliiunda mwenyewe kutokana na mabaki ya mashine nyingine. Siku za kazi alitengeneza mashine za kusaga za watu, kuanzia Ngara mpaka Biharamulo, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini Jumamosi alijifungia humo akiunda injini ndogo za mvuke, za kukaa juu ya meza, zenye tangi la maji, moto wa mkaa chini yake, na gurudumu linalozunguka mvuke ukisukuma mkono wa chuma. Hazikusaga kitu wala hazikuvuta kitu. Watu walimwita Fundi Chai, kwa kuwa ndiye mtu pekee wilayani anayechemsha maji siku nzima na kikombe cha chai hatoi. Mzee Idefonsi, baba yake Claudia, alikwenda mbali zaidi. Alisema haoni raha kumwoza binti yake kwa mtu mzima anayechezea treni.

Claudia peke yake hakuwahi kumcheka. Miaka miwili iliyopita, kwenye sherehe ya mavuno parokiani, Frednand aliweka injini moja juu ya meza, watu wakacheka mpaka wakachoka, wakaenda kununua mihogo ya kukaanga. Claudia alibaki. Alitazama ule mkono wa chuma ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, akauliza, "Unajuaje kwamba sasa ni wakati wa kurudi?" Hakuna aliyewahi kumuuliza Frednand swali lile. Alimweleza nusu saa nzima. Na Claudia, nisikufiche, hakusikia habari za vali wala za pistoni. Alikuwa akivitazama vile vidole vyeusi kwa oili vinavyogusa chuma kwa upole, na moyo wake ukaondoka zake bila kuaga.

Sasa vidole vilevile vilikuwa vinafuta gurudumu kwa tambara. Injini mpya ilikuwa mezani, inazunguka, inapumua puh, puh, puh, na silinda yake ya shaba inang'aa utadhani imepakwa siagi.

"Claudia!" Frednand aligeuka, uso mzima unacheka. "Umekuja kuiona? Nimeiwasha kuijaribu. Nataka mzee aione leo ikizunguka pale uani kwenu, labda ataacha kuniita..."

"Nivalishe hii."

Alimwekea bangili kiganjani, akanyoosha mkono wa kushoto. Frednand aliitazama bangili, akaitazama ile nusu ya nywele, na kicheko kikaanza kumpotea usoni.

"Si Bibi ndiye anayevalisha?"

"Nivalishe, nimesema."

Akajifuta vidole, akaushika mkono wake. Hata katikati ya ghadhabu ile, mguso wake ulimpitia Claudia mpaka mabegani, na alimchukia kwa hilo. Bangili ikapita vidole vinne, ikapita kidole gumba, ikatulia kwenye kifundo cha mkono. Haikukwama popote.

"Imepita," Frednand alisema, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake.

"Imepita, eeh?"

"Vizuri kabisa. Haikuumizi?"

"Hainiumizi hata kidogo." Claudia aliuinua mkono ule mbele ya uso wa Frednand. "Frednand, bangili ya mama yangu iko wapi?"

Injini iliendelea kupumua peke yake.

"Si ndiyo hiyo..."

"Usithubutu! Usithubutu kuniambia ndiyo hii! Unajua Bibi Genoveva amefanya nini leo asubuhi? Ameweka beseni la maji ya uvuguvugu na kipande kizima cha sabuni. Amenikalisha kwenye mkeka. Ameniambia, mwana wanje, mwanangu, kaza meno, mama yako alilia siku namvalisha, na mimi mwenyewe nililia siku yangu. Nikakaza meno, Frednand! Nimekaza meno, bangili ikapita kama inaingia kwenye mti wa fagio! Bibi akabaki na sabuni mkononi. Aliivua, akanipa, akaniambia, kamuulize fundi wako."

Frednand alilaza tambara mezani polepole. "Nilidhani itakuumiza," alisema.

"Nini?"

"Ile ya zamani ilikuwa ndogo mno. Nakijua kiganja chako, nilijua haiwezi kupita bila kukuchubua. Kwa hiyo hii nikaiongeza kidogo. Kidogo tu, Claudia, isikutese."

"Ilitengenezwa ichubue!" Claudia alipiga kelele mpaka mabati yakaitikia. "Wewe ni fundi gani usiyeuliza kitu kwa nini kiko vile kilivyo?"

Maana bangili ile ilikuwa na habari yake, na Frednand aliisikia nusu tu. Katika ukoo wa Bibi Genoveva, mama humvalisha binti bangili hiyo siku watu wanapokuja kuomba mlango, na ilifuliwa ndogo makusudi, ili ikishaingia isitoke mpaka siku mama anapoivua kwa sabuni amvalishe binti. Bibi alimvalisha Kaneza, mama yake Claudia, wakiwa bado ng'ambo ya mpaka, huko walikozaliwa. Muda si mrefu wakakimbia. Njiani walinyang'anywa godoro, sufuria, mbuzi, mpaka viatu. Mwizi mmoja aliivuta ile bangili kwenye mkono wa Kaneza mpaka kidole gumba kikateguka, na haikutoka. Walifika kambi ya wakimbizi ya Lukole hawana kitu kingine chochote cha nyumbani kwao isipokuwa ile shaba, na kidole gumba cha Kaneza kilibaki kimepinda maisha yake yote. Alizaa nayo, akalima nayo, akamfundisha Claudia kusuka mikeka nayo. Miaka sita iliyopita ugonjwa ulimkondesha mpaka mkono ukawa kama wa mtoto, na asubuhi moja bangili ilidondoka yenyewe juu ya shuka. Jioni yake akafa.

Mwezi wa sita Bibi aliona ina ufa. Mzee Idefonsi alisema isitoke nyumbani. Claudia ndiye aliyembembeleza baba yake, ndiye aliyeapa kwamba hakuna mikono duniani inayoijua shaba kama ya Frednand. Aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye leso ya kanisani.

"Kwa hiyo hii umeiunda wewe," alisema sasa, akiivua ile ya uongo.

"Nimeiunda mimi."

"Na miezi minne umenitazama usoni."

"Nimekutazama."

"Ya mama iko wapi?"

Frednand alivuta pumzi. "Niliipasha moto niuzibe ufa. Ni shaba ya zamani, sikujua waliichanganya na nini. Ikalegea kabla ya wakati. Nikaiona inainama, nikaikamata kwa koleo niitoe, ikakatika vipande vitatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa chini."

"Sijakuuliza ulikaa wapi! Vipande viko wapi?"

Macho ya Frednand yalikwenda kwenye injini, yakatua kwenye ile silinda inayong'aa, na Claudia akayafuata.

"Hapana," alisema.

"Siku ile nilikuwa nayeyusha koki kuukuu za bomba nimimine silinda. Chungu kilikuwa motoni tayari. Sikuweza kuvitupa vile vipande, na sikuweza kukuletea. Nilifanya mazoezi ya kukwambia, Claudia, naapa, nilisimama hapa hapa nikasema na ukuta. Mwisho nikavitia kwenye chungu. Nikasema, kama nimeshindwa kuirudisha, basi shaba ya mama yake iwe kwenye kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuunda. Hii injini nimeipa jina lake. Inaitwa Kaneza."

Labda mwanamke mwingine angelegea aliposikia hayo. Pengine na wewe unayesoma umelegea kidogo. Claudia alizidi kuwaka.

"Umemweka mama yangu kwenye mdoli wako?"

"Si mdoli..."

"Baba alisema! Baba alisema huyu ni mtu mzima anayecheza, na mimi nikamwambia baba hajui kitu! Unajua kilichokuwa kinaniuma njia nzima kutoka Kibimba? Nilikuwa naomba uwe umeiuza. Mungu anisamehe, niliomba uwe na shida ukaiuza, ili tumtafute aliyeinunua. Kumbe umeichemsha! Umeichemsha, ukaja Jumapili kanisani ukanipa mkono wa amani!"

Nyundo ilikuwa mezani. Hakukumbuka kuichukua. Alijikuta ameiinua juu ya ile silinda, mikono yote miwili, na kifua kinapanda na kushuka.

"Ngoja," Frednand alisema.

"Nikungoje nini?"

"Kuna mvuke ndani. Ukipiga sasa utaungua uso." Alipita mbele yake, akaegemeza bega kati yake na tangi, akafungua vali. Mvuke ukatoka kwa mlio mrefu, ukajaa banda, gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Ndipo akasogea pembeni, akaweka mikono nyuma. "Haya. Piga."

Lo! Afadhali angembishia. Afadhali angemshika mkono waipiganie ile nyundo. Claudia alimtazama amesimama pale, jasho linamtiririka, mtu aliyempumbaza miezi minne na bado anaogopa asije akaungua, na machozi yakamtoka kwa hasira ya kutojua amweke wapi moyoni.

"We msichana!" Mama Priscila alikuwa mlangoni. "Weka nyundo ya mwanangu chini! Miaka mingapi anakesha na vyuma hivi, uje uvunje wewe kwa ajili ya kibangili?"

"Mama, tafadhali," Frednand alisema.

"Tafadhali nini? Nimesikia yote. Bangili imeungua, ametengeneza nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Kosa liko wapi? Dukani ziko tele!"

Claudia aliishusha nyundo, akaiweka mezani bila kuigonga. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imepoa, na ilitisha zaidi kuliko kelele.

"Frednand, saa tisa mtakuja. Mshenga wenu atasema maneno yake mazuri. Kabla mtungi haujafunguliwa, wewe utasimama umwambie Bibi Genoveva ulichofanya. Wewe. Si mshenga, si barua, si mimi."

"Claudia, mposaji hasemi. Anakaa kimya mpaka mwisho, unajua. Baba mdogo ndiye mshenga, atadhalilika. Mzee wako atatufukuza."

"Usiposema, nitakapoitwa kuulizwa kama nawafahamu, nitasema siwafahamu."

Wote watatu walijua maana yake. Msichana akisema hawafahamu wageni, pombe yao haifunguliwi. Inabebwa ilivyokuja, na mlango ule haugongwi tena mpaka mwaka ugeuke, tena kwa mshenga mwingine. Kwa familia nyingi huwa ndiyo mwisho wa habari.

"Na mimi nasema langu," Mama Priscila alisema, akamnyooshea mwanawe kidole. "Ukithubutu kusimama mbele ya watu wale wa kuja ujiaibishe kwa ajili ya kipande cha shaba, nitanyanyuka na mtungi wangu, na usinifuate. Sikukuzaa uje uwapigie magoti."

Frednand alimtazama mama yake, akamtazama Claudia. Akachukua tambara lake mezani, akaanza kulikunja.

"Sawa," Claudia alisema. "Endelea kufanya mazoezi na ukuta." Akaondoka.

Saa tisa na robo walifika. Claudia aliwasikia akiwa chumbani, nywele zimemalizwa kusukwa, gauni la kijani limenyooshwa, mkono wa kushoto mtupu. Bibi Genoveva alikaa kwenye kigoda karibu naye.

"Amesemaje fundi wako?"

"Atakwambia mwenyewe, Bibi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi tusubiri," Bibi alisema, akajikongoja kwenda kukaa na wazee uani.

Nyuma ya pazia Claudia aliona kila kitu. Mzee Paschal, baba mdogo wake Frednand, aliyetoka Biharamulo alfajiri na koti lake la kahawia, alisimama kuwa mshenga. Alisema vizuri, huwezi kumnyima. Alisema wamepita njiani wakasikia harufu ya nyumba njema, wakasema tubishe hodi. Wazee walicheka. Hata Mzee Idefonsi alitabasamu upande mmoja. Mtungi ulikuwa katikati, bado umefunikwa majani, na Mama Priscila ameketi kando yake kama askari. Frednand alikaa nyuma ya mshenga kwa suti iliyombana mabega, anatazama viatu vyake.

Sema, Claudia alimwambia kimoyomoyo. Sasa hivi. Mshenga amemaliza, sema.

Frednand alitazama viatu.

"Maneno yenu tumeyasikia," Mzee Idefonsi alisema. "Lakini nyumba hii haipokei pombe ya mtu isiyemjua. Claudia! Njoo."

Alitoka. Alitembea taratibu, kwa sababu kila hatua ilikuwa nafasi aliyompa. Alipiga magoti mbele ya baba yake. Alimwona Bibi anamtazama Frednand, macho makavu. Alimwona Frednand anainua uso, mikono inabana magoti.

"Mwanangu, watu hawa wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unawafahamu? Tuipokee pombe yao?"

Claudia alivuta pumzi moja, akamtazama yule mwanamume moja kwa moja, mbele ya watu wote, jambo ambalo msichana hafanyi. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Alimpenda, jamani. Alimpenda kiasi kwamba kama angekohoa tu, angehesabu amesema.

"Hapana, baba," alisema. "Siwafahamu."

Uani watu wakasema wote kwa pamoja. Mzee Paschal alishika kofia yake akidai kuna makosa, shangazi mmoja akaguna, Mama Priscila alikwisha kusimama na kuukumbatia mtungi. "Nilijua! Nilijua watatufanyia hivi! Twendeni!"

"Bibi, niliiyeyusha mimi."

Frednand alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwelewa mara ya kwanza, kwa hiyo akarudia, kwa sauti iliyopasuka katikati. "Bibi Genoveva. Bangili ya mama Kaneza niliiunguza mimi. Ilinishinda motoni, nikaona aibu, nikaiyeyusha kwenye silinda ya injini yangu. Ile mliyoletewa ni ya uongo. Nimewadanganya miezi minne. Claudia hakujua mpaka leo."

"Frednand, kaa chini!" mama yake alisema.

"Sikai, mama."

"Basi baki huko huko!" Na kweli, Mama Priscila aliondoka na mtungi wake kwenye kiuno, Mzee Paschal nyuma yake anaomba radhi kushoto na kulia, wengine wakafuata. Muda si muda upande wa wageni ulibaki viti vitupu na mwanamume mmoja mwenye suti iliyombana.

Bibi Genoveva alijivuta mpaka mbele yake. Ni mfupi, ilimbidi ainue kichwa. "Vipande vyote viko mle?"

"Vyote, Bibi."

"Hukutupa hata kidogo?"

"Hata unga ulioangushwa na tupa niliposugua niliufagia nikautia."

"Kwa nini uliipanua ile nyingine?"

"Nilidhani itamuumiza, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa. Hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Alirudi kwenye kigoda chake, akaketi.

Mzee Idefonsi alikohoa. Hasira ilikuwa imemshika mashavu, lakini alijizuia. "Kijana, umesikia alichosema binti yangu. Amekisema mbele ya wazee. Mimi siwezi kuwakimbilia watu barabarani kwa sababu mtu amekumbuka kusema baada ya kengele. Mwaka huu mlango huu haukujui. Nenda kwenu."

"Nimeelewa, mzee."

Claudia alikuwa bado amepiga magoti. Frednand alipita karibu naye, akasimama kidogo, si karibu sana.

"Nilichelewa," alisema.

"Ulichelewa."

"Ungenipa pumzi moja zaidi."

"Nilikupa tatu!" alimfokea, na watu wote wakageuka. "Nilikupa tatu, Frednand! Unataka nikupe ngapi? Nikupe mpaka lini?" Sauti ikakatika. "Nenda. Si umesikia? Nenda!"

Akaenda. Alikwenda kwa miguu, maana gari lililowaleta lilikwisha kuondoka, na suti ile ikapotea kwenye migomba upande wa barabara ya Ngara. Ndipo Claudia alipojiangusha kwenye mapaja ya bibi yake, akalia kilio kikubwa, cha kwikwi, gauni la kijani likijaa vumbi la uani.

Bibi Genoveva aliziweka nywele zake vizuri kwa kiganja. "Unalia nini, mwana wanje? Ulimtaka aseme kwa mdomo wake. Si amesema?"

"Amesema, Bibi."

"Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho nilichotaka," Claudia alisema, na akazidi kulia.